Leseni ya ualimu, dei kea na cheti cha fundi: kila karatasi ina ofisi yake

Mwezi huu meseji zilizoingia karibu zote ni za aina moja, leseni, usajili, cheti, nani anatoa, wapi, shilingi ngapi. Nimechukua za kwetu huku nyanda za juu kusini, nyingine nimezikata katikati manake kuna watu wanaandika kama wanaandika wosia. Na majibu hayalingani urefu, msinilaumu, kuna swali la mistari miwili na kuna swali ambalo ukilijibu nusu unamuumiza mtu.

"Kamwene mwalimu. Nina miaka 23, nilimaliza form four nikapata four ya 28, tangu hapo nafundisha chekechea ya mtu binafsi hapa Mafinga. Wazazi wananiita madam na watoto wananipenda. Sasa mwenye shule katuambia imekuja sheria ya leseni, asiye nayo atatoka, ila nikimpa hela yeye atanitafutia. Ni kweli jamani? Nifanyeje?" (Binti wa Mafinga)

Kamwene binti. Kwanza hela yako kaa nayo. Leseni ya ualimu haitafutwi na mwenye shule kwa kuchangishana ofisini kwake, hiyo ni dili tu, na ukitoa leo utaambiwa uongeze mwezi ujao.

Haya, hiyo sheria "iliyokuja". Mambo ya mwalimu kutakiwa awe na karatasi hayajaanza juzi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilishasema mtu hafundishi shuleni mpaka awe amesajiliwa kama mwalimu au awe na leseni ya kufundisha, na leseni kwenye sheria hiyo ilikuwa njia ya kumruhusu mtu ambaye hajatimiza sifa za usajili. Nchi hii imepita huko mara nyingi tu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 watoto walitakiwa waingie shule wote kwa haraka, walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakawa wanafundisha huku wanajifunza ualimu, ndo hao walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ambao bibi yako anawajua. Miaka ya 2000 shule za kata zilipofumuka wakachukuliwa form six, wakapigwa msasa wa muda mfupi wakaingizwa darasani, mtaani wakaitwa vodafasta. Siwacheki, baadhi yao walikuja kusoma zaidi na leo ni walimu wakuu. Ila kila mara tulipofanya hivyo aliyelipa gharama ni mtoto aliyekaa mbele yao mwaka wa kwanza.

Kilichobadilika ni mwaka 2018, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu Tanzania. Hii inataka mwalimu aliyesomea asajiliwe na apewe leseni, kama mawakili na mainjinia walivyo na bodi zao, na inamgusa mwalimu wa serikali na wa private. Kwahiyo mambo yamegeuka, zamani leseni ilimbeba asiyesomea, kwa sheria hii anayedaiwa leseni ni aliyesomea. Walimu walinung'unika sana hasa kwenye suala la ada na mimi nawaelewa, mshahara wenyewe unaujua. Ila usiichanganye bodi hii na Tume ya Utumishi wa Walimu, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Tume inahusika na walimu wa serikali, mambo ya ajira zao, kupanda vyeo na nidhamu, haina habari na wewe uliyeko private.

Sasa wewe binti. Bila chuo cha ualimu huna cha kusajili, huo ndo ukweli na sitaki nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Na kwa four ya 28 stashahada ya ualimu haitakupokea, vyuo vya ualimu vinataka division one mpaka three. Unazo njia mbili. Ya kwanza, rudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, masomo machache tu yale uliyoyakaribia, ukipandisha unaingia chuo. Ya pili, achana na ualimu wa darasani usomee malezi ya watoto wadogo, ambayo ni fani nyingine yenye cheti chake. Huko ulipo una vyuo vya maendeleo ya wananchi, Ilula, Ulembwe kule Njombe, ukishuka Rungwe kuna Katumba, pita uulize kama mwaka huu wanapokea kozi ya malezi ya watoto. Kuna pia Chuo cha Ustawi wa Jamii Kisangara kule Mwanga, Kilimanjaro, mbali kweli lakini kazi yao ni hiyo hiyo ya malezi ya watoto wadogo. Chuo chochote kabla hujalipa hata fomu angalia kimesajiliwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi.

Na kabla ya yote muulize huyo mwenye shule swali moja kwa upole: hii chekechea yetu imesajiliwa kama darasa la awali au kama kituo cha kulelea watoto mchana? Akibabaika, basi anayetakiwa kuogopa sheria ni yeye kuliko wewe. Tofauti yenyewe soma hapo chini, kuna mama wa Ilomba kaniuliza.

"Shikamoo. Nina nyumba ya vyumba vitatu Ilomba Mbeya, nataka nifungue dei kea manake mama wa Mwanjelwa sokoni wananisumbua kila siku niwakalie na watoto, saa hizi ninao tisa. Nimeenda idara ya elimu wakaniambia niende ustawi, ustawi wakaniuliza nafundisha au nalea. Nimechoka. Kwani kulea watoto wa jirani kunahitaji sheria?" (Mama wa Ilomba)

Marahaba mama, na pole kwa kuzungushwa, ila safari hii wale wa ustawi hawakukuzungusha, walikuuliza swali la maana.

Kulea mtoto wa jirani siku mbili tatu hakuhitaji chochote, ni utu. Ukishaanza kupokea watoto tisa kila siku kwa malipo umeshaingia kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe, na anayesajili ni Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Huendi Dodoma mama, unaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ya jiji, yeye ndo mwenye fomu na yeye ndo atakuja kuangalia mahali, akiwa na afisa afya au baada ya afisa afya. Hiyo ni kama unalea: wanacheza, wanakula, wanalala, wanajifunza kuongea na kushirikiana.

Ukiweka watoto wa miaka mitano na ukasema hawa nawaandaa kwa la kwanza, hapo umefungua darasa la awali, na hilo ni shule. Shule inasajiliwa kwa Kamishna wa Elimu, wathibiti ubora wa shule wanakuja, mwalimu awe amesomea, na kiwango cha darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Nyumba ya vyumba vitatu kwa hilo itakusumbua sana, eneo tu la kuchezea huna. Ushauri wangu anza na kulea, ulifanye vizuri, mambo ya darasa yaje baadaye au yasije kabisa.

Sasa ngoja nikwambie watu wanakwama wapi, manake sheria unaweza ukaisoma ukaimaliza na bado ukarudishwa. Afisa akiingia haanzi na cheti chako cha ukutani. Anaenda chooni. Anaangalia kama mtoto wa miaka mitatu anaweza kukaa kwenye hilo tundu bila kushikiliwa, maji yako wapi, sabuni iko kimo gani. Anaangalia jiko, kama mtoto anaweza kulifikia. Anaangalia geti, manake Ilomba hapo bajaji zinapita usiku na mchana na mtoto akitoka amekwisha. Halafu anaulizia walikolala. Mbeya yetu Juni na Julai mnaijua, unakuta kituo kimetandika mkeka juu ya saruji na watoto ishirini wamelala wanakohoa, afu mwenye kituo anashangaa kwanini wazazi wanahama. Nunua magodoro yenye kava ya kufutika na blanketi za kutosha kabla hujanunua hilo bango la rangi. Na daftari mama, daftari! Nani kamleta mtoto, nani anaruhusiwa kumchukua, namba za simu, mzio wa chakula, alianguka lini. Wengi wanaliona la kiofisi mpaka siku shangazi asiyejulikana anapokuja na zawadi ya pipi kumchukua mtoto.

Kitu kingine kinachonikera, naomba nikitoe hapa hapa. Mtoto wa miaka mitatu anapewa houmweki. Anashikishwa penseli aandike a mpaka z na mama yake anapiga picha anaweka stetasi. Serikali mwaka 2021 ilizindua programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya kuanzia sifuri mpaka miaka minane, na ukiisoma inazungumzia afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi na ujifunzaji wa awali, vyote kwa pamoja. Malezi yenye mwitikio maana yake mtoto akiongea unamjibu. Basi. Wewe ambaye una tisa na unawajua kwa majina uko mbele kuliko vituo vingi vyenye basi la njano.

Mpaka usajili utoke usiongeze watoto. Na mwambie afisa ukweli kwamba tisa unao tayari, afisa anayekuta mtu amekuja mwenyewe huwa anaelekeza, anayekufuma ndo anafunga.

"Nafanya kazi kiwanda cha mbao Makambako, tuko kama arobaini. Kwenye karatasi ya mshahara kuna makato yameandikwa SDL, bosi anasema ni hela ya serikali ya mafunzo ya wafanyakazi. Mbona mimi sijawahi kupelekwa mafunzo?" (Mkata mbao)

Ndugu yangu hiyo hukatwi wewe. SDL ni tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inalipwa na mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, kiwango kilichoanza Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara anayolipa. Inatoka mfukoni kwake. Kama kweli inapunguza mshahara wako basi kuna kitu hakiko sawa, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 hairuhusu mwajiri akukate kitu ambacho si cha kisheria na hujakubali. Ila angalia vizuri kwanza, karatasi nyingine zinaandika SDL upande wa mwajiri kama taarifa tu. Piga hesabu, mshahara ghafi toa PAYE, toa NSSF, ukibaki na pengo, nenda na hizo karatasi za miezi kadhaa kwa afisa kazi. Kuhusu mafunzo, sehemu ya hela hiyo inaendesha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hairudi kiwandani kwenu moja kwa moja, kwahiyo hapo bosi wako hakukosea ila hakukwambia yote.

"Mambo vipi mwalimu. Mimi fundi welding pale SIDO Mwanjelwa mwaka wa kumi na moja huu, mageti madirisha matela ya trekta vyote napiga. Ikija kazi ya shule au zahanati ya serikali wanataka cheti, anapewa dogo aliyetoka chuo afu ananiita mimi nimfanyie. Darasa la saba mimi. Nirudi chuo miaka mitatu watoto wale nini?" (Fundi wa Mwanjelwa)

Poa sana fundi. Hapa nina habari nzuri na sijui kwanini hazitangazwi kwa vipaza sauti pale sokoni. Hurudi chuo. VETA wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi, yaani wanampima mtu aliyejifunza kazi mtaani na wakiridhika wanampa cheti cha kiwango alichofikia. VETA yenyewe iliundwa kwa sheria ya 1994 na kupokea mtu wa darasa la saba si ajabu kwao.

Inavyokwenda: unajiandikisha kwenye chuo chao, Mbeya hapo unacho, watu wa Iringa nao wana chao. Wanataka kujua umefanya kazi wapi na muda gani, kwahiyo anza leo kupiga picha kazi zako, na barua ya mtu uliyemfungia geti au wa karakana ulikojifunzia isaidie. Halafu wanakaa na wewe mnaongea, na wanakupa kazi uifanye wakikuangalia. Kwa namna unavyoandika kuchomelea hakutakuangusha. Mafundi wengi wa mtaani wanaangushwa na mambo mengine kabisa. Umevaa nini usoni, manake najua pale SIDO watu wanachomelea wamefumba jicho moja tu, usiku wanaweka viazi machoni. Umesoma mchoro au umekisia. Kwanini umetumia vijiti vya unene huu na si ule. Jina la kitu unachokitumia kila siku lakini wewe unakiita "ile chuma". Wakiona pengo wanakupa mafunzo mafupi ya kuliziba kisha unapimwa. Kuna gharama, na mara nyingine serikali kupitia programu ya kukuza ujuzi ya ofisi ya waziri mkuu inawalipia kundi la mafundi, kwahiyo ukienda uliza swali hilo la pili kabla hujatoa hela.

Na huyo dogo usimchukie. Mwambie mwaka huu anakuita kwa bei yako.

"Habari za kazi. Dada yangu alisoma ualimu Mkwawa hapa Iringa akafundisha sekondari miaka sita, sasa ameolewa yuko Tennessee Marekani na karatasi za kuishi na kufanya kazi anazo. Kaomba shule wakamwambia digrii sawa lakini hana leseni ya jimbo. Kwani Marekani hawana wizara ya elimu?" (Kaka wa Iringa)

Wanayo, ila haitoi leseni ya kufundisha. Katiba yao haitaji elimu kabisa, kwahiyo imebaki ni kazi ya majimbo, na kila jimbo bunge lake linatunga sheria zake za nani afundishe. Leseni ya Tennessee ukivuka tu kwenda Georgia unaanza tena kuulizwa. Walimu wenyewe waliona ni kero, kukawa na makubaliano ya majimbo ya kutambuliana leseni ambayo yalianza kuwa na nguvu 2023 baada ya majimbo 10 kuyapitisha, ila hayo yanamsaidia mwenye leseni tayari, dada yako bado. Mtanzania ukisikia hivyo unashukuru kwamba cheti cha Mkwawa kinafundisha Mbozi mpaka Muleba.

Atakachofanya ni kupeleka vyeti vyake kwenye taasisi za kule zinazolinganisha elimu ya nje na ya kwao, kisha ofisi ya elimu ya jimbo imwambie kimepungua nini. Majimbo mengi yanatumia mtihani unaoitwa Praxis wa somo lake, na alama za vidole zinachukuliwa kuangalia kama ana kesi. Wewe ukiwa Iringa msaidie jambo moja ambalo yeye hawezi, nenda chuoni ufuatilie matokeo yake ya kila somo yatumwe na chuo chenyewe moja kwa moja, manake kule mara nyingi bahasha iliyopitia mikononi mwa ndugu hawaitaki.

Na ana bahati ya mahali. Tennessee mwaka 2022 ndo lilikuwa jimbo la kwanza kuidhinishiwa na serikali kuu ualimu kama uanagenzi uliosajiliwa, yaani mtu anaajiriwa shuleni, analipwa, huku anasomea na anasimamiwa na mwalimu mzoefu mpaka apate leseni. Kidogo ni ule mtindo wetu wa UPE niliousema juu, tofauti ni kwamba wao wana msimamizi darasani na fedha ya kumlipa. Amuulize mkurugenzi wa wilaya yake ya shule kama wanayo.

Akiona sekondari inachelewa kuna watoto wadogo. Kuna cheti kinaitwa CDA, kinataka masaa 120 ya mafunzo na masaa 480 ya kukaa na watoto, anakipata akiwa kazini dei kea. Mishahara ya huko kwenye dei kea ni midogo, mwambie mapema asije akaona ameshushwa. Majimbo mengine yamewekeza zaidi, Georgia wanawasomesha watoto wa miaka minne kwa hela ya bahati nasibu tangu miaka ya 90, Oklahoma walipitisha 1998 sheria ya masomo ya awali kwa watoto wote wa miaka minne, na New Mexico mwaka 2022 wananchi walipiga kura kubadili katiba ya jimbo ili mfuko wao wa ardhi uchangie elimu ya watoto wadogo. Hela za mrabaha wa mafuta ya kule, kwetu sijui tungepigia kura nini, parachichi labda.

"Ndaga mwalimu. Mjukuu wangu ana miaka minne na nusu, anasoma vizuri kuliko wa la kwanza. Mama yake anataka aruke awali aingie la kwanza Januari. Nipo Tukuyu." (Bibi)

Ndaga bibi, shikamoo. Asiruke. Sera ya elimu ya sasa, toleo la 2023, inaweka awali mwaka mmoja akiwa na mitano na la kwanza akiwa na sita, na msingi wenyewe unakuwa miaka sita badala ya saba, kwahiyo mwaka mnaotaka kuuwahi umeshapunguzwa tayari. Kwa shule ya serikali awali haina ada. Januari mpelekeni akaandikishwe awali, beba cheti cha kuzaliwa, na kama hana nendeni RITA mapema manake Desemba foleni inafika barabarani.